Daftari la dakika nilizochoka

Kwa miaka mingi niliamini kwamba chema chajiuza, na kwamba albamu nzuri haina haja ya kumbembeleza msikilizaji. Sekunde 30 zilinitosha. Gitaa lisiponishika au sauti ya mwimbaji isiponikaa, kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuruka. Kwa mwendo huo nilipitia nyimbo zisizo na idadi, lakini ukiniuliza albamu kumi nilizozisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, nisingefikisha.

Kilichonitoa huko ni aibu. Rafiki yangu mmoja, ambaye masikio yake nayaamini kuliko yangu, aliniuliza naionaje Loveless, albamu ya bendi ya My Bloody Valentine. Nikajibu kwa mikogo: kelele tupu, kama feni iliyoharibika, na waimbaji wamefungiwa kabatini. Akaniuliza niliisikilizia kwenye nini. Spika ya simu, nikiwa napiga pasi. Nilifika wimbo wa ngapi? Hapo nikanyamaza, maana sikujua. Hakunicheka. Alisema tu, "Basi hujaisikia bado," akageuza mazungumzo. Afadhali angenicheka.

Siku hiyo hiyo nikafungua daftari jipya. Sikutaka kugawa nyota wala alama, kwa sababu nilijua nitaishia kuiga alama za wengine. Nikaamua kuandika jambo moja ambalo hakuna mwingine anayeweza kuniandikia: dakika niliyochoka. Kila albamu ingepata mstari wake: jina, chombo nilichosikilizia, saa, na dakika ambayo akili ilitoroka au mkono ukaanza kuwasha. Na kila albamu ingepewa nafasi tatu, kwa sharti kwamba kila safari kitu kimoja kibadilike, iwe chombo, saa au ukubwa wa sauti. Kabla ya nafasi ya tatu sikuruhusiwa kutamka "siipendi".

Loveless ndiyo iliyofungua ukurasa. Safari ya kwanza, simu: dakika ya 2. Ya pili niliisikiliza usiku kwa hedifoni, sauti chini: dakika ya 9. Ya tatu nikangoja mchana, nikaketi mbele ya spika mbili, nikapandisha sauti hadi meza ikaanza kutetema. Mstari ule hauna dakika. Albamu nzima ni dakika 48 hivi, na ilipoisha nilibaki nimekaa nikisubiri kitu ambacho nisingeweza kukitaja.

Baadaye nikaelewa kwa nini. Sikio la binadamu, sauti ikiwa ndogo, hupoteza besi na zile sauti nyembamba za juu, likabakiza za katikati tu. Sasa Loveless, iliyotoka 1991, imejengwa juu ya magitaa yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Kevin Shields, mpiga gitaa wao, anapiga nyuzi huku ameshikilia kile chuma cha kuzilegeza na kuzikaza, hivyo kila mkusanyiko wa noti unayumba, unainama, unarudi. Ukipunguza sauti, besi inaondoka, wembamba unaondoka, kinachobaki ni ule mvumo wa katikati. Yaani feni iliyoharibika. Kumbe sikuwa nimekosea niliposema nasikia feni, ila feni ile nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe.

Kama hadithi ingeishia hapo ningetoka na kanuni rahisi: pandisha sauti. Albamu iliyofuata ikaivunja. Music for Airports ya Brian Eno, ya 1978, niliikalia kama mtu aliyeitwa kwenye mtihani: hedifoni, macho yamefumbwa, sauti juu, kila noti naifuata. Dakika ya 5 nilikuwa nimekasirika kabisa. Hakuna kinachotokea! Safari ya pili, hasira zile zile, dakika ya 6. Ya tatu niliiwasha sauti chini sana nikaanza kupanga vitabu. Baada ya muda nikagundua nimesimama na kitabu mkononi, nikisikiliza.

Eno mwenyewe aliandika kwamba muziki wa namna hii unapaswa kupuuzika kwa kadiri ile ile unavyovutia. Mimi nilikuwa naunyima haki yake ya kupuuzwa. Wimbo wa pili, wenye sauti za watu wanaoimba "aa" ndefu, umetokana na kanda zilizounganishwa ncha kwa ncha, kila moja ikijizungukia yenyewe. Moja inarudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26, nyingine karibu 30. Kwa kuwa urefu haulingani, zinakutana na kuachana kwa namna ambayo hutaiona ikijirudia hata ukikaa pale siku nzima. Ukizifuata kwa nguvu unasikia sauti chache tu zinarudiarudia. Ukiwa na shughuli zako, unanyanyua kichwa mara moja moja na kukuta zimekaa pamoja kwa mpangilio ambao hukuwahi kuusikia. Sijui albamu nyingine inayonituliza hivi, na bado siipendekezi kwa mtu asiye na kazi ya mikono.

Nilipofika hapo nikaanza kushuku hukumu zangu zote za zamani. Nilizirudia kama ishirini hivi. Sitazisimulia zote, na nyingi, niseme ukweli, nilikuwa nimezihukumu sawasawa tangu mwanzo.

Laughing Stock ya Talk Talk ilihitaji saa inayofaa tu. Hawa waliwahi kuwa bendi ya pop yenye nyimbo za kuchezeka, kisha mwimbaji wao, Mark Hollis, akawapeleka mahali pengine kabisa. Albamu hii, nayo ya 1991 (mwaka ule ulikuwa na nini?), waliirekodi London katika studio iliyotiwa giza. Wapigaji waliitwa wapige wanavyojisikia, kisha sehemu kubwa ya walichopiga ikafutwa. Inaanza na mchakarisho wa amplifaya peke yake, kabla ya noti yoyote. Mchana sikuusikia mchakarisho ule, nilidhani haijaanza. Saa nane usiku, vitu vyote vikiwa vimenyamaza, ulikuwa kama mtu anayevuta pumzi ndani ya chumba kabla ya kusema. Kama ningelazimishwa kubaki na albamu moja kati ya zote za daftari, ningechukua hii, na nisingechukua sekunde tatu kuamua.

The Disintegration Loops ya William Basinski ni habari nyingine. Kiangazi cha 2001 alikuwa anahamisha kanda zake za miaka ya 1980 kwenda kidijitali. Kanda zilikuwa zimezeeka, na kila zilipopita kwenye mashine ule unga wa sumaku ulikuwa unabanduka na kudondoka. Akaziacha zizunguke, akarekodi zinavyokufa. Kipande cha kwanza kinazidi saa nzima: mzunguko mfupi mmoja wa muziki, unaorudi na kurudi, kila mara umepungukiwa na kitu kidogo mno usiweze kukishika. Dakika nilizochoka: 3, 12, 20. Nafasi zikaisha. Kwa kanuni zangu nilikuwa huru kuikataa.

Lakini nilikuwa nimeona kitu kwenye tarakimu zenyewe. Kuchoka kulikuwa kunasogea. Nikavunja kanuni, nikaipa nafasi ya nne, na safari hii nilipofika dakika ya 20 nikarudi mwanzo kusikia sekunde chache tu za kwanza. Nilishtuka. Sauti kama za tarumbeta zilizokuwa zimejaa na kung'aa, kule dakika ya 20 zilikuwa tayari zina matundu, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikiapa kwamba hakuna kinachobadilika. Watu hupenda kueleza kwamba Basinski alikuwa juu ya paa huko Brooklyn tarehe 11 Septemba 2001 na muziki huu, moshi ukipanda ng'ambo ya mto, na picha za moshi ule zikawa majalada. Ni kweli, na ni jambo zito. Kwangu, hata hivyo, uzito uko kwenye kile kitendo kidogo cha kurudi mwanzo na kukuta nimedanganywa na masikio yangu.

Ruins ya Grouper ilinipa kicheko. Liz Harris, mwenye jina hilo la kisanii, aliirekodi karibu yote 2011 akiwa Aljezur, Ureno, ikatoka 2014: piano, sauti yake, na mashine ya kanda ya njia nne. Vyura wanasikika. Mwishoni mwa kipande kiitwacho "Labyrinth" nikasikia mlio wa "pii". Nikavua hedifoni, nikainuka kukagua nyumba: simu, jikoni, kila kitu kimya. Nikarudi, nikaanza tena, mlio uko pale pale. Ni maikrowevu ya nyumba aliyokuwamo. Umeme ulikatika, uliporudi ikalia, naye akaiacha kwenye albamu. Nimesikia albamu zilizosafishwa kwa gharama kubwa ambazo hazina hata mahali pamoja ninapoweza kusema: hapa palikuwa na mtu.

Kuna neno ambalo daftari limenifanya nilitilie shaka, nalo ni "majaribio", jina linalobandikwa muziki usiofuata kawaida. Konono Nº1 wa Kinshasa wanawekwa kwenye rafu hiyo tangu Congotronics ilipotoka 2004. Mzee Mingiedi, aliyeanzisha kundi, hakuwa akimjaribu mtu. Alikuwa na likembe, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na alitaka isikike katikati ya kelele za jiji. Akaipa maikrofoni iliyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari, akaipitisha kwenye vipaza sauti, na ule ukwaruzo unaotokea, ambao wahakiki wanaandikia aya ndefu, ulikuja na vifaa. Wao walikuwa wanachezesha watu. Mstari wangu wa Konono unasema: "Sijachoka. Nimechoka miguu."

Hivyo hivyo Sounds of Sisso, mkusanyo wa singeli uliotolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Midundo inapita 200 kwa dakika, na msikilizaji wa mbali anaipokea kama kitu kilichotoka maabara. Mimi ninayeelewa maneno nasikia vijana wa Dar es Salaam wakitania, wakilalamika, wakijisifu. Nakiri nami niliwahi kuiita kelele za watoto, na nikaanza kuiheshimu baada ya kuiona imeitwa albamu na kupewa jalada. Hilo halinipi sifa nzuri. Safari ya kwanza dakika ya 4, na kosa lilikuwa kuketi.

Peel ya KMRU wa Nairobi, ya 2020, sina dakika ya kuandika kwa sababu kila mara nalala. Kipande chenye jina la albamu kinazidi dakika 20 na sijawahi kuuona mwisho wake nikiwa macho. Naisifu kwa dhati.

Nisije nikaeleweka kwamba ukivumilia utapenda kila kitu. Philosophy of the World ya The Shaggs, ya 1969, ni ya akina dada wa familia moja waliosukumwa na baba yao waunde bendi kabla hawajajua vyombo. Wapo wanaoiona kama hazina. Nimeimaliza mara tatu bila kuchoka, na kila mara nimemaliza nikiwa najisikia vibaya, kwa sababu sijui kama ninawasikiliza au nimekaa dirishani kwao nikichungulia. Kwa hiyo daftari nalo lina mpaka. Linaweza kuniambia nilichoka lini, ila haliwezi kuniambia kama nilistahili kuwapo.

Na kuna Trout Mask Replica ya Captain Beefheart, nayo ya 1969, nyimbo 28, mtayarishaji Frank Zappa. Kila chombo kinaenda zake, kama watu wanne waliokodi teksi moja na kila mtu anataka kushushwa mtaa wake. Nilikuwa na uhakika kwamba wanapiga ovyo, mpaka nikasoma kwamba walifungiwa nyumbani miezi wakifanya mazoezi, kila pigo limekaririwa, kisha sehemu za vyombo zikarekodiwa kwa saa chache tu. Mwimbaji alikataa hedifoni, akaimba akisikia kile kilichopenya kwenye kioo cha studio. Kujua hayo kumeongeza heshima yangu. Raha haijaongezeka hata kidogo. Wimbo mmoja mmoja nauweza. Zote 28 zinanifanya nitake kupanga kabati la mtu mwingine.

Nafasi zake tatu ziliisha zamani. Ila kwa vile niliivunja kanuni kwa ajili ya Basinski, niliona si haki kumnyima huyu. Mstari wa kwanza wa Trout Mask Replica unasoma dakika ya 4. Wa nne, niliouandika juzi usiku, spika mbili, sauti ya wastani, nimesimama, unasoma dakika ya 31.