Kidole cha babu

Leo hapa Wete, Pemba, nimemwonyesha babu picha ya kisiwa chetu na bahari yake, iliyochukuliwa na setilaiti ya Sentinel-1 kutoka kilomita 700 hivi juu.

Si kamera ile, ni rada. Huona usiku, huona penye mawingu. Maji yakilala, mawimbi ya rada huteleza yakaenda zake, picha ikawa nyeusi. Upepo ukiyakwaruza, viwimbi vya sentimita chache tu huyarudisha mawimbi ya rada, pakang'aa.

Sikumweleza hayo bado.

Babu, nahodha wa miaka mingi, akaweka kidole chake kilichokauka kwa chumvi juu ya weusi, magharibi ya kisiwa.

"Hapa kisiwa chakinga upepo wa kusi. Tukijibanza hapa."

Moyo umenijaa mpaka sasa.

Jamani, wazee wenu huyasomaje maji? Niandikieni.