Mkono umetulia leo

Leo asubuhi nimeshika kikombe cha chai na hakijatikisika hata kidogo, nikakaa nakiangalia tu. Wiki 3 zilizopita nilikuwa nashindwa kufunga vifungo vya shati.

Mwaka wa 4 huu naishi na figo ya dada yangu. Kila siku saa 2 asubuhi na saa 2 usiku nameza takrolimasi ili kinga ya mwili isiishambulie hiyo figo, afu kuna predinisoloni ambayo miezi ya mwanzo ilinivimbisha uso mpaka watu wakawa wananiambia nimenawiri, nikawa nanyamaza. Hayo nilishazoea.

Shida ilianzia kwenye kikohozi. Nikapita duka la dawa la mtaani nikapewa antibaiotiki inayoitwa klarithromaisini, hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani na mimi sikusema. Siku ya 4 vidole vinatetemeka, kichwa kinagonga, chai ikamwagikia daftari la mtoto. Dada akaishika mikono yangu akasema, "Mdogo wangu, twende kliniki saivi."

Kesho yake wakanitoa damu kabla sijameza dozi ya asubuhi, ndo kipimo chake kinavyotaka, takrolimasi ikasoma 21 wakati mimi huwa nacheza kwenye 6 au 7, na kreatinini, ile taka ambayo figo huichuja kwenye damu, imepanda. Daktari akanieleza taratibu kwamba kwenye ini na utumbo kuna kimeng'enya kinachovunjavunja takrolimasi, sasa klarithromaisini inakizuia, kwahiyo dawa inajaa kwenye damu na ikizidi inaiumiza figo ileile inayoilinda. Flukonazo ya fangasi hivyohivyo. Rifampisini ya TB ni kinyume chake, inaiondoa dawa haraka mpaka mwili unaweza kuikataa figo. Na diklofenaki, hii tunayomeza wote mgongo ukiuma, kwa mtu kama mimi hapana kabisa.

Wakati anaongea nikamwona dada amejishika ubavuni, pale kwenye kovu lake. Hapo ndo nililia.

Wakanisimamishia dozi, wakabadilisha ile antibaiotiki, juzi imesoma 7. Majina ya dawa zangu nimeyaandika kwenye karatasi, iko nyuma ya kava la simu, naitoa kabla sijasema naumwa nini.

Balungi nalo limo kwenye orodha ya kukatazwa, na mama mkubwa akitoka Muheza hutuletea kapu zima. Nimempigia jana kumwambia. Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Na machungwa je?" Nikamwambia haya ya kawaida hayana shida. Akasema basi Jumamosi anakuja nayo.