Deni la Mama wa Kemondo

Kufikia Mei ya mwaka 2016 nilikuwa nimemaliza wiki kumi bila kuandika hata aya moja ya kusimama. Nasema ya kusimama kwa sababu aya zenyewe zilikuwepo, ila zilikuwa zinaanguka. Nilikuwa naandika sentensi tatu, nazisoma kwa sauti, nazifuta, kisha nakaa nikikodolea kioo cha kompyuta mpaka taa za mlima wa Bugando zinawaka. Kwa miaka mitatu kabla ya hapo sikuwahi kukosa makala ya Jumapili. Niliandika habari za fundi baiskeli wa Mabatini, za vijana wanaopakua mizigo kivuko cha Kamanga kikitia nanga, za bibi anayeuza karanga karibu na soko kuu. Wasomaji walizingoja. Machi ikaja, kisima kikakauka.

Kilichoniziba nakijua. Nilikuwa nimewaahidi watu makala ya tarehe 21 Mei, siku ya kutimia miaka 20 tangu MV Bukoba izame. Mtu wa Mwanza akishaahidi kuandika habari ya meli ile, hawezi kuiandika ovyo. Ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikapinduka asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa tayari iko karibu. Ilikuwa meli ya kubeba abiria 430, lakini usiku ule ilijaa kupita kiasi, na waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Wengine wamelala pale Igoma. Mimi nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka ni redio iliyokaa wazi siku nzima, na watu wazima waliokuwa wakiingia na kutoka nyumbani kwetu bila kubisha hodi.

Basi kila nilipoanza kuandika, sauti iliyotoka haikuwa yangu. “Taifa liligubikwa na simanzi.” “Ziwa liliwameza wapendwa wetu.” Hayakuwa maneno ya uongo, ila yalikuwa ya mtu aliyesimama jukwaani mbele ya kipaza sauti. Nilikuwa nalia kweli kweli nikiwa nayaandika, na bado nikiyasoma naona hayana mtu ndani. Nikajaribu kuamka saa kumi alfajiri. Nikajaribu kwenda kukaa ufukweni, mkabala na Jiwe la Bismarck, na daftari mapajani. Nikaacha simu nyumbani. Hakuna kilichosaidia, na sioni haja ya kuyaeleza yote.

Alhamisi ya wiki ile mama mdogo akanipigia. Anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, tangu sijaanza shule.

“Mwanangu, si wewe ndiye mwandishi? Njoo uniandikie. Macho yangu hayasomi tena mwandiko wangu.”

Nilikwenda kwa shingo upande. Ilikuwa siku mbili kabla ya mwezi kujaa, na mtu asiyejua Mwaloni angedhani soko limefiwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha karabai, siku hizi na taa za sola, dagaa wakaifuata nuru, nyavu zikawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali ziwa zima lina nuru, na taa ya mvuvi haimwiti dagaa yeyote. Kwa hiyo mitumbwi hupumzika, watu hukaa kivulini wakishona nyavu na kungoja giza lirudi. Na kwa wenye biashara hicho ndicho kipindi cha kukagua madeni, maana mzigo hakuna.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia tupu, nyuma ya vichanja vya kuanikia, daftari kuukuu mkononi na jipya bado limo ndani ya mfuko wa rambo. Nikamwamkia. Akanisogezea kigoda.

“Usiandike kama wanavyoandika ofisini. Andika ninavyosema.”

Akaanza.

“Mzee wa Kayenze. Sado sita. Mvua.”

“Mvua maana yake nini, mama mdogo?”

“Dagaa wake walinyeshewa wakiwa mchangani, akawauza kwa wenye kuku. Usimdai mpaka giza. Andika mvua.”

Nikaandika mvua.

“Binti wa Igogo. Nusu gunia. Amejifungua. Yule wa Bujumbura, magunia manne, huyo akisema tarehe ni tarehe. Kijana mwenye kovu, sado mbili, mwongo, lakini mama yake alikuwa mtu mwema, kwa hiyo mwachie nafasi chini pale.”

Tuliendelea hivyo. Kila mstari ulikuwa na mtu, kipimo na sababu, na hakuna neno lililokaa pale kwa ajili ya kupendeza. Jina likitosha kumtambulisha mtu, hakuongeza kitu. Likiwa halitoshi, aliongeza neno moja tu, nami nikamwona huyo mtu anatembea. Nilipokuja kuinua kichwa, kivuli cha kichanja kilikuwa kimehama kutoka kushoto kwangu hadi kulia. Kurasa kumi na moja. Mkono ulikuwa unauma. Tangu Machi sikuwahi kuandika muda mrefu hivyo bila kufuta.

Ndipo nikagundua kwamba hakunianzisha na ukurasa wa kwanza. Alikuwa amenifungulia wa pili. Nikarudi nyuma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu, kwa herufi zake kubwa za zamani:

*Mama wa Kemondo. Magunia 3. Analeta Jumanne.*

“Na huyu?”

“Mhamishe.”

“Mbona hana mwaka?”

“Ni wa tisini na sita. Mhamishe, mwanangu. Ukurasa wa kwanza, peke yake. Kila nikinunua daftari jipya huanza yeye.”

Sikuuliza ni Jumanne gani. Mama mdogo alikuwa akiangalia ziwa, mahali watoto walipokuwa wakiogelea kati ya mitumbwi iliyofungwa. Akanieleza bila kugeuka. Yule mama alikuwa akileta ndizi Mwanza na kurudi na dagaa, miaka mingi, na hawakuwahi kuandikiana kwa sababu hakukuwa na haja. Safari ile ya mwisho ndiyo peke yake aliyochukua mzigo mkubwa kuliko fedha alizokuwa nazo, na ni yeye mwenyewe aliyesema, niandike usije ukasahau.

“Watu wananiambia nimfute,” akasema. “Nimfute vipi? Hajakataa kulipa. Alisema analeta Jumanne, na Jumanne alikuwa njiani.”

Nikaliandika jina lile kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Ulikuwa mstari wa polepole kuliko yote niliyowahi kuandika. Nilihofia kuchafua.

Usiku ule sikuwasha hata taa ya chumba. Mwezi uliingia dirishani, nikafungua kompyuta nikaandika: “Mama mdogo wangu anamdai mtu magunia matatu ya dagaa.” Sentensi ya pili ikaja yenyewe, na ya tatu. Simanzi ya taifa sikuitaja. Ziwa halikumeza mtu katika makala ile. Niliandika ndizi, gunia, kalamu, na neno Jumanne. Saa tisa usiku nilikuwa nimemaliza, na nilitetemeka kwa furaha nisiyoweza kuielezea, furaha iliyochanganyika na aibu ya kufurahi juu ya jambo kama lile.

Sikutaka kuitoa kabla mwenyewe hajaisikia. Jumamosi, tarehe 21, niliamkia Mwaloni nikamsomea. Alisikiliza mikono imelala mapajani. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, nami nikaogopa kwamba nimemkosea.

“Umeandika magunia matatu,” akasema.

“Ndivyo daftari linavyosema.”

“Daftari ndivyo linavyosema. Lakini nusu gunia alilipa palepale, kwa mkungu wa ndizi. Sikulipunguza, nilisema tutahesabu akirudi.” Akanigeukia. “Tuliupika nyumbani kwenu. Na wewe ulikula, ukaomba tena.”

Nikachukua kalamu, nikakata tatu, nikaandika mawili na nusu.