Waridi la jangwa nililolizamisha mwenyewe

Aliyeniambia "maua ni maji, mwagilia asubuhi na jioni" sijui alikuwa anaongelea maua gani, ila mimi mjinga nikamsikiliza. Na waridi la jangwa lenyewe limezoea nchi kavu, ndo maana lina shina nono kama kibuyu, maji yake linayaweka humo. Mimi nikalipanda kwenye udongo wa mfinyanzi, samadi mbichi juu, na ndoo kila siku. Majani yakaanza kuwa njano, nikasema hii kiu, nikaongeza maji.

Siku moja nikagusa shina pale chini, kidole kikazama kama nimebonyeza papai lililopitiliza, na harufu yake we acha tu.

Wengine wangetupa. Mimi nikaling'oa, nikaosha mizizi, nikafuta kisu kwa spiriti nikaanza kukata. Nakata, naona kahawia, nakata tena, bado kuna vidoa, mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe safi na shina limebaki nusu. Hapo usiache hata kidoa kimoja maana uozo unarudi. Halafu ule utomvu ni sumu, watu wa zamani walipaka kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono na watoto wakae mbali. Baada ya hapo nikaliweka kivulini bila udongo bila maji, kama wiki na nusu hivi, kidonda kikauke kabisa kiwe kigumu. Mama akawa anapita anauliza, "mwanangu, hiyo kuni unaitunzia nini?" Nyumba nzima inacheka.

Nikalirudisha kwenye mchanga mkubwa wa kujengea, kokoto ndogo na samadi iliyooza kidogo sana, kwenye tuta lililoinuka, jua la kutosha. Maji naenda kwa kijiti: nakichomeka mpaka chini, nikikichomoa kina udongo umeganda simwagilii, kikitoka kikavu ndo namwagilia. Miezi ikapita kimya, nikaanza kuamini ni kuni kweli, halafu kukatokea kijani kidogo kama kichwa cha kiberiti. Nilimwita mama aje aone. Sasa hivi linachanua pinki hata majani huyaoni vizuri.

Pembeni nimeweka shubiri, zile zinajiotea tu, sizigusi, zikitoa maua ya rangi ya moto ndege aina ya chozi wanajaa.

Mbegu ndo nilichezewa. Zinatoka kwenye maganda mawili mawili kama pembe za mbuzi, nikawa nayasubiri yakauke vizuri, kumbe yanapasuka yenyewe na kila mbegu ina manyoya huku na huku, nimeamka nakuta zinapepea kwenda kwa jirani. Msimu uliofuata nikayafunga uzi mapema, yakapasuka yakabaki hapohapo. Nikazipanda zikiwa mpya, hazikumaliza wiki zikaota. Ukitaka lile tumbo nene panda mbegu, la kukata tawi linaota sawa ila linabaki jembamba, mimi ninayo yote mawili na ukiyaona huulizi.

Yule wa asubuhi na jioni kaja juzi kuomba mche. Nimempa, pamoja na kijiti.