Jioni ya Muziki wa Bure katika Bustani ya Millennium, Chicago

Tulishuka Union Station alasiri ya Ijumaa moja ya Julai, mimi na binamu yangu anayeishi Milwaukee, tukavuka Mto Chicago na kuifuata barabara ya Adams kuelekea mashariki, upande wa ziwa. Ni mwendo wa miguu usiozidi nusu saa. Barabara hiyo inakomea mbele ya makumbusho ya sanaa yanayolindwa na sanamu za simba wawili wa shaba, na ukikata kushoto hapo, baada ya hatua chache unaingia Millennium Park, bustani ya ekari zipatazo 25 iliyofunguliwa mwaka 2004 juu ya reli na maegesho ya magari. Mgeni hawezi kulitambua hilo kwa macho, kwa maana nyasi na miti imepandwa juu ya paa na treni zinaendelea na safari zake huko chini.

Tulilolifuata ni Jay Pritzker Pavilion, jukwaa la wazi lililobuniwa na msanifu majengo Frank Gehry. Historia yake ina kesi ndani yake. Tangu mwaka 1890 mfanyabiashara Aaron Montgomery Ward alikuwa akienda mahakamani kuzuia majengo katika ukanda huu wa ufuko, ili ardhi ibaki wazi kwa watu wote, na hukumu alizozipata bado zinaheshimiwa. Jukwaa hili refu lilipona kwa kuhesabiwa kuwa kazi ya sanaa na si jengo. Nilicheka binamu aliponisimulia, lakini nilipoyaona yale mabamba ya chuma cha pua yaliyojikunja na kupeperuka juu ya wanamuziki, niliona kwamba wanasheria hawakusema uongo mkubwa.

Maonyesho ya Grant Park Music Festival, tamasha la okestra linalofanyika kila kiangazi kwenye jukwaa hili, yamekuwa ya bure tangu mwaka 1935, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, James Petrillo, kiongozi wa chama cha wanamuziki mjini humo, alipoyasukuma yaanzishwe ili wapigaji waliokosa kazi wapate ujira na wananchi wasio na fedha wapate muziki. Bure hapa ni ya msikilizaji. Mpigaji analipwa, na nadhani ndiyo sababu kiwango hakijashuka. Isitoshe, bure yenyewe ina mpaka wake: baadhi ya viti vya mbele hutengewa wanachama wanaolipa ada. Viti vyote ni kama 4,000, na nyuma yake ni uwanja wa nyasi unaobeba watu wapatao 7,000.

"Kaka, huku nyuma tutasikia nini?" binamu aliuliza nilipotandika shuka kwenye nyasi. Jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Uwanja mzima umefunikwa na wavu mkubwa wa mabomba ya chuma yaliyopinda, yanayobeba vipaza sauti, na sauti inayotoka katika kila kipaza hucheleweshwa kwa kipimo ili ifike sikioni pamoja na ile inayotoka jukwaani. Kwa hiyo husikii spika inayopiga kelele karibu nawe. Unasikia fidla zikiwa mbele yako, pale zilipo. Ving'ora vya mjini viliingia mara mbili tatu bila kualikwa, na hakuna aliyejali.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likiwa bado kali, okestra ilianza na Danzón nambari 2 ya Arturo Márquez wa Mexico, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Klarineti inaanza peke yake, kwa taratibu, huku vijiti vya klave vikigonga chini yake. Danzón ilizaliwa Kuba, ikiwa na damu ya Kiafrika, kisha ikahamia Veracruz. Na mdundo wa jamii hiyo hiyo ya Kuba ndio uliotufikia Afrika Mashariki kwa santuri za GV, mfululizo wa sahani za muziki wa Kuba zilizouzwa Afrika, na kuwafundisha mengi wapigaji wetu wa dansi. Sikuhitaji kuelezwa mguu uende wapi. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nasi, akizungumza Kihispania na wajukuu wake, alisimama akacheza na mjukuu mkubwa mpaka ala za shaba zilipofunga kazi.

Baadaye ikaja Simfonia nambari 9 ya Antonín Dvořák, aliyoitunga Marekani mwaka 1893 baada ya kusikiliza nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi zilizoimbwa na mwanafunzi Harry Burleigh. Agosti ya mwaka huo huo Dvořák alikuja Chicago na kuongoza okestra katika maonyesho makubwa ya dunia, ingawa simfonia hii ilikuwa bado haijapigwa popote. Sehemu ya pili, ile ya koranglee, ala ya kupuliza inayofanana na oboe lakini yenye sauti nzito zaidi, iliwanyamazisha hata watoto. Ya mwisho niliiona imeharakishwa kidogo, na binamu alinibishia kwamba kasi hiyo ndiyo iliyoifaa.

Programu hiyo ilikuwa irudiwe Jumamosi saa moja na nusu usiku. Tukakubaliana kurudi, yeye akiwahi viti visivyotengwa, mimi nikibaki kwenye nyasi, kisha tulinganishe.