Siku moja maishani mwangu: admini wa ukurasa, siku tamthilia mpya inapoanza kuruka

Kazi yangu ni kusoma komenti. Ukisema hivyo kwenye daladala watu wanacheka, maana komenti kila mtu anasoma, tena bure. Lakini kwenye chaneli ya tamthilia ya kulipia hapa Dar es Salaam, siku sehemu ya kwanza inaporuka, komenti ndiyo taarifa ya mwanzo kabisa ya hitilafu. Mitambo inaweza kuwaka taa za kijani zote huku nusu ya watazamaji hawasikii neno. Atakayekuambia ni mtu aliyekasirika yuko Mbagala, na hatakuambia kwa adabu.

Saa 2 asubuhi

Bango la muda kwanza. Linaonekana dogo, lakini ndilo linalozaa nusu ya maswali ya jioni. Tunaandika "saa 3:00 usiku" na chini yake "21:00", zote mbili. Kuna vijana wanaosoma saa ya simu kisha wanaandika "saa 9 usiku" wakimaanisha saa 3, na mzee wa watu anategesha kengele usiku wa manane. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia saa ileile. Burundi, Rwanda na mashariki ya Congo wako nyuma kwa saa moja, kwa hiyo Bujumbura na Bukavu ni saa 2 usiku. Maskati ni saa 4. Wanaofuata kwa programu ya simu wakiwa Uingereza wanahitaji bango lao, maana kule saa hubadilishwa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba: majira ya joto kwao ni saa 1 jioni, majira ya baridi saa 12. Saa za marudio ziwe kwenye bango hilohilo. Swali linaloulizwa kuliko yote duniani ni "mnarudia lini?"

Saa 4 asubuhi

Jedwali. Safu ya kwanza ni dakika, wala si jina la mtu. Zinafuata: anatazama kwa nini (dishi, antena, simu), yuko mkoa gani, na aina ya lalamiko: picha, sauti, manukuu, kifurushi, ratiba, hadithi, mwigizaji, matusi. Maneno ya mtazamaji yananakiliwa yalivyo, bila kusafishwa. "Sauti kama mko kisimani" inamsaidia fundi kuliko "mtazamaji analalamikia ubora wa sauti."

Pembeni ya jedwali kunakuwa na namba za walio zamu usiku huu: chumba cha kurushia matangazo, fundi sauti, dawati la wateja, mwakilishi wa mtayarishaji. Unampigia kila mmoja mchana na kuhakikisha kweli yuko zamu. Jina lililoandikwa kwenye ratiba si mtu.

Majibu ya akiba nayo yanaandaliwa sasa, kila moja kwa namna tatu. Ukibandika jibu moja kwa watu kumi, mtandao unakuhesabu takataka, na watazamaji wanaanza kuuliza kama wanaongea na roboti.

Saa 7 mchana

Vipande vya kuonjesha. Picha ya televisheni ina upana wa 16 kwa 9. Ukiikata isimame kwenye simu, 9 kwa 16, unabaki na chini ya theluthi ya upana wake. Tukio la watu wawili wanaogombana linageuka bega moja na pazia. Kwa hiyo unachagua matukio ya uso. Manukuu yanachomwa ndani ya picha kwa kuwa wengi hutazama wamezima sauti, mistari miwili tu, na yanapandishwa juu kidogo yasifunikwe na vitufe vya chini. Kipande kisifichue mgeni anayebisha hodi mwishoni. Hilo linaonekana jambo la wazi, ila kila tamthilia mpya idara ya matangazo hutuma kipande chenye mgeni huyo.

Saa 10 alasiri

Matapeli wameamka. Kurasa feki zenye nembo yetu na jina letu lililoongezwa nukta au herufi moja hujibu walalamikaji haraka kuliko sisi: "Pole mteja, njoo inboksi." Huko wanaomba namba ya kadi, halafu namba ya simu, halafu namba ya siri ya pesa za simu. Unatafuta jina la chaneli kwa kila upotoshaji unaoweza kuufikiria, unaripoti, na komenti ya juu kabisa ya ukurasa inabandikwa: hatuombi namba ya siri, hata siku moja.

Saa 12 jioni hadi saa 3 kasoro

Hapa ndipo wanaolipa dakika za mwisho wanapokuja. Mfano halisi wa mazungumzo, ambao kila admini wa ving'amuzi ataujua:

"Admini nimelipa toka saa kumi hamjanifungulia. Wezi nyie."

"Shikamoo mama. Pole sana. King'amuzi kimewashwa?"

"Marahaba. Nimekizima, kisinilie umeme bure. Nitawasha tatu kamili."

"Mama, naomba ukiwashe sasa hivi. Kiache kwenye chaneli hiihii, usikizime."

"Yaani mnanilia hela na umeme juu."

Mama huyu si mjinga, hakuna aliyemweleza. Malipo yakiingia, ruhusa ya kufungua kifurushi husafiri kwa mawimbi yaleyale ya setilaiti, ikiwa na namba ya kadi yake. King'amuzi kilichochomolewa kwenye soketi hakiipokei. Ruhusa hurudiwa mara nyingi mwanzoni, kisha kwa nafasi kubwa zaidi, ndiyo maana aliyelipa saa 10 na kuwasha saa 3 anaweza kusubiri kuliko aliyelipa saa 2 na nusu akiwa amekaa mbele ya runinga. Wengine huzima na kuwasha kila dakika mbili "kukishtua", na kila wakizima wanaikosa tena. Ikipita nusu saa kimewaka na bado, unamrudisha kwenye ujumbe wa malipo asome namba ya kadi tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, amemlipia mtu mwingine, na hapo ni dawati la wateja, mimi siwezi kitu.

Kuna yule ambaye kifurushi chake hakina chaneli yetu kabisa. "Mnatutenga masikini." Huyu sina dawa yake, na kwa maoni yangu ana haki ya kukasirika: mabango yalisema "usikose" wiki tatu nzima bila kutaja inaonekana kwenye kifurushi kipi. Nampa jina la kifurushi, bei yake, na saa za marudio. Simpi emoji ya kucheka.

Saa 3 usiku

Dakika tatu za kwanza ni "wa kwanza hapa!" na mioyo. Hazisomwi.

Dakika ya nne: "Sauti jamani." Komenti moja ya sauti haina maana, pengine amekalia rimoti. Zikifika tano kutoka mikoa mitatu ndani ya dakika mbili, unaacha kila kitu na kuwauliza wote maswali yaleyale matatu. Unatazama kwa dishi, antena au simu? Chaneli nyingine ziko sawa? Unasikia nini, na nini hukisikii? Hilo la tatu ndilo lenye mali.

Tuseme majibu ni haya. Wa Mwanza, runinga bapa: "Ipo, ila kama inatokea nyuma ya kichwa." Wa Tanga, simu: "Muziki nausikia, maneno hakuna." Wa Mbeya, runinga ya zamani yenye spika moja: hivyohivyo kama Tanga. Unamwomba wa Tanga achomeke hedifoni. Maneno yanarudi.

Hapo ugonjwa umejitaja. Maneno ya waigizaji huwekwa katikati, yaani kwa kiwango kilekile kwenye njia ya sauti ya kushoto na ya kulia. Kifaa chenye spika moja huzijumlisha njia hizo mbili kuwa moja, ndiyo mono hiyo. Kama njia moja imegeuzwa, wimbi la kushoto linapanda huku la kulia linashuka, kila kinachofanana kinafutana, na kinachofanana ndiyo mazungumzo yenyewe. Muziki na ngurumo, ambavyo hutofautiana kushoto na kulia, vinabaki. Kosa laweza kuwa kwenye faili la mtayarishaji au kwenye waya uliochomekwa kinyume njiani.

Ukipiga simu chumba cha kurushia ukasema "watu wanalalamika sauti," utajibiwa "huku iko sawa," na hawadanganyi. Vipimo vyao vinaonyesha kushoto iko sawa, kulia iko sawa, na spika zao mbili nzuri zinatoa maneno. Usibishane. Sema: "Kaka, weka spika zenu mono, sekunde tano tu." Kimya. Halafu utasikia mtu akiguna.

Marekebisho ni kugeuza njia moja irudi sawa, na yanafanywa kwenye mapumziko ya matangazo, kwa kuwa katikati ya tukio sauti itaruka na watu watalalamika upya. Kwa dakika hizo unazosubiri, jibu ni: "Tumelisikia, linarekebishwa kwenye tangazo lijalo, kwa sasa hedifoni itasaidia." Usimwambie mtu tatizo liko kwake kabla hujajua. Wakirekebisha, unarudi kwa walewale waliolalamika na kuwauliza. Atakayesema bado, huyo mpeleke kwenye menyu ya king'amuzi, upande wa sauti, atoe sauti ya mzunguko na kuweka stereo: kama king'amuzi kinatoa sauti ya spika sita kwenye runinga ya spika mbili, njia ya katikati inaweza kupotea.

Wakati huohuo, wanaolalamika kwamba midomo na maneno vinapishana wanakuja pia. Hao wana masikio makali kuliko tunavyowadhania. Sauti ikitangulia picha kwa sehemu 45 za elfu za sekunde mtu huanza kuona. Ikichelewa, haoni mpaka ifike karibu 125. Picha moja kati ya 25 za sekunde ni sehemu 40, kwa hiyo tunazungumzia picha moja kutangulia au tatu kuchelewa. Wakitoka kwenye antena peke yake, jambo liko kwa mrushaji wa antena.

Kisha mvua. "Chaneli imekufa." Angalia mkoa: wote wakiwa mji mmoja, ni wingu zito, kwa kuwa mawimbi haya ya dishi hunyonywa na mvua kubwa. Likipita picha inarudi yenyewe. Na mwambie mtu kabisa asipande juu ya bati usiku kugeuza dishi, atakuja kulitafuta wiki nzima.

Yote haya huku hadithi inaendelea, nami sijaona hata tukio moja likaisha.

Kuhusu hadithi: wingi wa komenti hauonyeshi ubora wa tukio. Tukio likishika watu, komenti zinakatika, kisha zinamwagika kwenye tangazo la kwanza. Kwenye jedwali natafuta mashimo, zile dakika ambazo simu ziliwekwa chini. Mashimo hayo ndiyo mwandishi anatakiwa aonyeshwe. Dakika zenye komenti nyingi mfululizo mara nyingi ni za watu waliochoka wanasemezana wao kwa wao.

"Huyo mama mkwe nikikutana naye sokoni namzaba kibao" inaingia safu ya mwigizaji, upande wa sifa. Vipimo vya kompyuta huiweka kwenye hasira na kutuharibia ripoti, ndiyo maana bado wanatuhitaji.

Na wa programu ya simu wako nyuma ya wa dishi kwa sekunde 30 hadi dakika nzima, kwa sababu video yao hukatwa vipande vya sekunde chache na simu hupakua kadhaa kabla ya kuonyesha. Kwa hiyo sisi hatubandiki tukio lolote kabla ya dakika mbili kupita. Watazamaji wenzao hawana huruma hiyo.

Baada ya hapo

Saa sijui ngapi. "Mbona fupi jamani?" zimejaa. Sehemu ya dakika 45 kwenye nafasi ya saa nzima, zilizobaki ni matangazo, na yanayolipa ni hayo. Viungo vya watu waliorekodi runinga kwa simu vinaanza kuzagaa, mtoto analia nyuma ya picha. Unaripoti kimoja, vinazaliwa viwili. Wanaosimulia mwisho wanafichwa mpaka marudio yapite.

Matusi ndiyo yanayochosha kuliko yote. Kumchukia mama mkwe ni haki ya mtazamaji. Kuutukana mwili wa dada aliyeigiza ni kitu kingine, na hicho unapiga skrinshoti kwanza, kisha unakificha, kisha unamzuia mtu. Usifute kabla ya kuhifadhi, huenda mwenyewe akataka kwenda nacho mbele. Mwakilishi wake anapigiwa simu: mwambie asijibu chochote usiku huu, na simu ampe mtu mwingine.

Ripoti ina ukurasa mmoja. Juu kabisa hitilafu ya sauti: ilianza dakika gani, iliisha dakika gani, ilisikika kwenye vifaa gani, na ombi kwamba faili la marudio na la sehemu ya pili yasikilizwe kwa mono kabla ya kuingia mtamboni. Chini yake manukuu yaliyopita haraka, dakika kwa dakika. Kisha vifurushi, pamoja na ombi kwamba bango la kesho litaje jina la kifurushi. Kisha mashimo ya kimya, kwa ajili ya mwandishi.

Swali la kwanza la kikao cha asubuhi litakuwa kama tulitrendi. Nimeliweka mstari wa mwisho, ili wausome ukurasa mzima wakilitafuta.