Mlangilangi wa nyumba ya kupanga

Jana usiku stima zilipotea tukafungua madirisha yote, harufu ya mlangilangi ikaingia mpaka chumbani. Mchana unaweza kupita chini yake usihisi kitu, usiku ndio wake. Basi usingizi ukaniruka, nikaikumbuka ile siku tuliyotimiza miaka 10 ya ndoa, 2015.

Kabla ya hapo nilishamnunulia mume wangu saa ya mkono nikidhani hiyo ndiyo zawadi ya kudumu, lakini aivua kila akishika jembe na jembe alishika kila siku, mpaka ikafia kabatini. Baba watoto akitoka zamu bandarini asalimia mchicha na asumini zake kwanza ndio atufikie sisi, na sijawahi kukasirika maana huyo ndiye niliyempenda. Mara moja tu aliniambia kwao kulikuwa na mlangilangi wa mamake, ukakatwa kiwanja kilipouzwa. Ile sauti sikuisahau.

Nikatoa pesa za chama, nikaenda kwa wauza miche Bamburi, shilingi 300, mche haufiki kiuno. Matatu hadi mjini, halafu feri ya Likoni jioni, wajua ule umati, mche nimeukumbatia kama mtoto na buibui lote samadi.

Alipouona hakusema asante. Aliweka kikombe cha chai chini, akashika jani moja kwa vidole viwili akalinyoosha taratibu, kimya. Kisha akaenda kuazima mtaimbo kwa jirani. Magharibi ishapita, giza, mimi nammulikia kwa simu, jembe halikuingia hata shibiri mbili likagonga jabali, si mwaijua ardhi yetu hii, juu mchanga chini matumbawe, ikabidi avunje kipande kipande, ngo, ngo, ngo, jasho lachuruzika mpaka kwenye kidevu na hataki kupumzika. Shimo lilipomfika magotini akajaza samadi ya mbuzi na udongo mwekundu aliokuwa kauficha kwenye gunia. Halafu akauliza bila kuniangalia, "Mama, wajua hapa tumepanga?"

Nikamwambia najua.

"Haya, leta maji."

Maji yenyewe ya mkokoteni, mtungi wa lita 20, hata ya kupikia twanunua. Akaumwagia nusu mtungi.

Mwaka wa tatu ukatoa maua, kijani kwanza halafu manjano, na tangu hapo huchuma alfajiri akaniwekea kwenye mto.

Sasa mwenye nyumba ametuma ujumbe, anauza kiwanja, tuna mpaka Desemba. Mti ushapita paa. Sijui kama nilikosea, pengine ningempa kitu cha kubebeka, pengine la. Yeye hajasema neno. Ila leo alfajiri nimekuta uani pakiti 9 za maziwa zimetobolewa chini, zimejazwa udongo mwekundu, na kwenye kikombe chake cha chai amelowesha mbegu za mlangilangi.